Mfumo wa kufuata mwelekeo: kila soko liwe na namba yake?

MchoraChati:
Wakuu, naomba mawazo. Mfumo wangu ni mwepesi: bei ya kufunga ikivuka juu ya wastani wa bei za siku 200 zilizopita nanunua, ikishuka chini yake nauza. Nimeupima kwa data za nyuma za S&P 500, DAX na Nikkei 225, yaani fahirisi (vipimo vya bei za hisa) za Marekani, Ujerumani na Japani. Kwenye DAX unapendeza. Kwenye Nikkei unachosha, unaingia na kutoka kwa hasara ndogondogo. Nikiweka siku 130 kwa Nikkei peke yake, mambo yananyooka. Ni halali?

Mama Takwimu:
Usiguse hiyo namba kwanza, ndugu yangu. Pima majirani zake: 110, 120, 140, 150. Kama 130 inang'aa na 120 inazama, mfumo wako umekariri data za Nikkei, haujagundua chochote kuhusu soko lenyewe.

Hili huwa nalisema kila mara kwa sababu naona watu wanapoteza pesa zao hapo. Wafanyabiashara wa masoko Richard Dennis na William Eckhardt walipowafundisha wanafunzi wao walioitwa Turtles kuanzia 1983, kanuni zilikuwa zilezile kwa kahawa, dhahabu, sarafu na hati fungani: nunua bei ikivuka kilele chake cha siku 20 au 55 zilizopita. Kilichobadilika ni ukubwa wa oda. Soko linalotikisika sana unanunua kidogo, lililotulia unaongeza. Fanya hivyo na wewe.

Halafu usiihukumu Nikkei kwa uchovu. Ilifunga 38,915 mwishoni mwa 1989, na Machi 2009 ilikuwa 7,054. Aliyekaa nayo muda wote huo alipoteza zaidi ya asilimia 80, bila kuhesabu gawio. Weka safu ya anguko kubwa kabisa kutoka kileleni, ulinganishe mfumo na mtu aliyenunua akakaa. Hapo ndipo utajua zile hasara ndogo zilinunua nini.

Kinyonga88:
Mama kamaliza kwenye namba, mimi naongeza data. DAX inayotangazwa kila siku imeshajumuisha gawio (faida ambayo kampuni huwagawia wenye hisa), kana kwamba limenunuliwa hisa tena. S&P 500 na Nikkei za kawaida hazina gawio. Kwa hiyo huo uzuri wa DAX sehemu yake ni gawio tu. Na kwenye fahirisi isiyo na gawio mfumo unapendelewa, maana yule aliyenunua akakaa ananyimwa gawio lake lote kwenye hesabu.

Ukihamia hisa mojamoja, usitumie orodha ya leo ya S&P 500. Lehman Brothers, benki ya Marekani iliyofilisika Septemba 2008, hutaiona humo, kwa hiyo matokeo yatapendeza kuliko ukweli. Na kwa soko la Shanghai, China, hisa uliyonunua leo huiuzi hadi siku ya soko inayofuata, na nyingi za soko kuu bei yake hairuhusiwi kupanda au kushuka zaidi ya asilimia 10 kwa siku. Bei ikigota kwenye kikomo cha chini, oda yako ya kuuza inaweza kukaa bila mnunuzi. Programu yako isikuuzie siku hiyo.

MchoraChati:
Asanteni sana. Nimepima majirani: 120 inaleta hasara, 140 inafanana na 200. Basi 200 kote, na oda nitazipanga kwa mtikisiko. DAX isiyo na gawio ipo?

Kinyonga88:
Ipo. Tafuta DAX Kursindex, yaani fahirisi ya bei tu.