Mzee wa bendera ameachishwa kazi. Nani atavusha watoto?

MamaWawili_Otonglo:
Wazazi wenzangu, naomba mnishauri. Watoto wangu husoma ng'ambo ya barabara ya Kisumu–Busia. Miaka mitatu tumekuwa na mzee mmoja, koti la kung'aa na bendera nyekundu mkononi, anayefika pale saa kumi na mbili na nusu asubuhi kabla hata giza halijaisha. Anawajua watoto kwa majina. Mvua ikinyesha anawapanga chini ya kibanda cha mama wa mboga hadi malori yapite.

Alikuwa analipwa shilingi 6,000 kwa mwezi. Muhula huu tumeambiwa kapitesheni, ile pesa ya serikali kwa kila mwanafunzi, imekuja pungufu, shule inabana matumizi, na wa kwanza kuondolewa ni yeye. Jumatatu nilisimama upande huu nikamwona kifungua mimba wangu, wa Gredi ya 3, amemshika mdogo wake wa PP2 (chekechea) mkono, wamefika katikati ya lami, lori linapiga honi. Mdogo aliachia mkono akarudi mbio alikotoka. Dereva alifanikiwa kusimama. Tangu siku hiyo usingizi umenikataa.

Nimeenda ofisi mbili. Ya kwanza: barabara si yetu. Ya pili: shule ya msingi si yetu. Nianzie wapi jamani?

DerevaWaBusia:
Pole sana mama. Mimi hupita hapo usiku na alfajiri. Sheria inasema kilomita 50 kwa saa mjini, na hata kwa mwendo huo gari linakula mita 14 kila sekunde. Nikiwa na mzigo, kabla mguu haujagusa breki nimeshapita darasa zima kwa urefu. Mtoto mfupi simwoni alfajiri. Ile bendera huwa naiona toka mbali. Ombeni pia matuta, na bango la shule liwekwe mapema, si hatua chache kabla ya geti.

Omwana_wa_Kakamega:
Dada, hao wa ofisi hawakukudanganya, ila walikuacha njiani. Katiba imeipa kaunti masomo ya chekechea, kwa hivyo wa PP2 ni wa kaunti. Wa Gredi ya 3 ni wa serikali ya kitaifa. Barabara kuu kama hiyo iko chini ya KeNHA, mamlaka ya kitaifa ya barabara kuu. Andika barua moja, ipeleke kote, na kila nakala ipigwe muhuri wa kupokelewa. Usiondoke bila muhuri.

Kuhusu pesa: makadirio ya bajeti ya kaunti lazima yafike bunge la kaunti kufikia Aprili 30, na mwaka wa fedha unaanza Julai 1. Kikao cha maoni ya wananchi kikitangazwa katika wadi yenu, nendeni wengi, mkiwa na maandishi. Mimi niliwahi kuongea tu bila karatasi, na jambo langu halikuonekana popote kwenye ripoti.

MamaWawili_Otonglo:
Asanteni, Mungu awabariki. Jana jioni tulikutana kwa kibanda cha mboga. Wazazi 12 tumekubali kutoa 500 kila mmoja kwa mwezi, na mzee anarudi kesho. Ni ya muhula huu tu, kuna mama hapo aliyelazimika kukopa. Barua nimeshaiandika, nakala tatu. Ijumaa nafuata mihuri.