Kunukuu tamthilia ya kihistoria katika kazi ya utafiti

Mwanafunzi wa kidato cha sita, Lindi: Shikamooni. Ninaandika kazi ya utafiti kuhusu Vita vya Majimaji kwa kutumia tamthilia ya *Kinjeketile* ya Ebrahim Hussein, lakini rasimu imerudishwa ikiwa na alama nyekundu ya kuuliza ubavuni mwa maneno "Kinjeketile aliwaambia watu wake". Nimekosea wapi?

Mwalimu mstaafu, Mtwara: Marahaba, mwanangu. Umemgeuza mhusika kuwa shahidi. Mtu halisi, Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, mganga aliyegawa maji ya vita hivyo, alinyongwa Agosti 1905, ilhali tamthilia ilichapishwa mwaka 1969, na mwandishi mwenyewe ameeleza katika utangulizi kwamba mhusika wake ni zao la ubunifu. Hata tahajia ya majina yao haifanani. Andika "katika tamthilia, Kinjeketile anawaambia", kisha weka kwenye mabano jina la mwandishi, mwaka na ukurasa wa toleo ulilolishika mkononi, kwa kuwa kurasa hubadilika toleo hadi toleo. Yaliyotukia kweli yatafutie kitabu cha historia.

Mkazi wa Kilwa: Simulizi za wazee nazo ni chanzo, mradi utaje msimulizi kwa idhini yake, mahali na tarehe ya mazungumzo. "Wazee wanasema" haitoshi, wazee gani?

Mwanafunzi wa kidato cha sita, Lindi: Ahsanteni. Babu yangu wa Umatumbini alisimuliwa na baba yake. Je, nimtaje nani?

Mwalimu mstaafu, Mtwara: Mtaje babu, ukieleza kwamba naye alisimuliwa.