Hamburg na mtoto wa miaka miwili: mchana kutwa tuko wawili tu, twende wapi?

mama_zuhura (Tanga)

Habari za saa hizi wapendwa. Mwezi wa sita, Mungu akipenda, naenda Hamburg kumtembelea mdogo wangu. Anasomea uuguzi huko na ameolewa hukohuko. Viza imetoka, tiketi tumekata, tunapitia Dubai. Naenda na binti yangu Zuhura, katimiza miaka miwili juzijuzi, baba yake anabaki kazini.

Tatizo ni kwamba mdogo wangu ana zamu, shemeji naye yuko bandarini tangu alfajiri. Kwa hiyo mchana nitakuwa mimi na Zuhura, mji hatuujui, Kijerumani hatukijui. Na Zuhura si mtoto wa kukaa. Akiona ngazi anapanda, akiona maji anaingia na viatu. Chakula chake ni ndizi, uji na dagaa, vingine anatema mbele ya aliyempikia.

Nikitafuta mtandaoni naletewa makumbusho na baa za Reeperbahn. Sasa naomba kwa mnaoishi huko au mliowahi kufika na watoto: kigari nibebe, au khanga mgongoni inatosha? Mtu anaenda wapi na mtoto wa umri huu bila kumaliza pesa? Na chakula chake wataniruhusu kuingia nacho?

bi_salme_barmbek

Karibu sana mwanangu. Mie mtu wa Unguja, makazi yangu Barmbek miaka na miaka. Wanangu nimewalea hapahapa, na sasa mjukuu nakaa naye siku ambazo mama yake yuko kazini, kwa hivyo haya nakwambia ni ya juzi na jana.

Kigari usibebe. Mwambie mdogo wako aingie Kleinanzeigen, tovuti ya matangazo, atafute cha mitumba, watu wanavitoa kwa bei ya kutupa ili wapate nafasi ndani. Khanga lakini iwe mkobani kila siku, kuna pahala utanishukuru.

Usafiri ni rahisi. Zuhura halipi kitu, mtoto ambaye hajafika miaka 6 anapanda bure treni, basi na feri. Wewe nunua tiketi ya siku ile inayoanza saa tatu asubuhi, ni nafuu kuliko ya kutwa nzima, na kwa mtoto mdogo nani anatoka kabla ya saa tatu? Nunua kwenye mashine au kwenye simu, maana ndani ya basi hawapokei tena noti wala sarafu. Kwenye basi ingia mlango wa kati, pana uwazi wa vigari. Halafu usione hakuna geti ukadhani hakuna mwenyewe: wakaguzi huvaa nguo za kawaida kama abiria, na faini ni euro 60.

Sasa twende kwenye raha. Asubuhi ya kwanza isiyo na mvua nenda Landungsbrücken ukapande feri nambari 62. Watalii wanalipa pesa nyingi kwa boti za matembezi zilizopangana palepale, vijana wanakuita kwa vipaza sauti. Wapite. Hii 62 ni usafiri wa wananchi kama pantoni la Kigamboni, tiketi yako ya siku inatosha. Juu pana sitaha wazi, lakini na mtoto kama huyo kaeni chini upande wa dirisha. Mtapita karibu na magati na chelezo za kutengenezea meli, na kreni za makontena zinaonekana ng'ambo. Mjukuu wangu huziita twiga.

Shuka Neumühlen. Hapo pana bandari ndogo ya meli za zamani, kisha ukienda kushoto, nikimaanisha unakoelekea mto uko kushoto kwako, unakuta ufukwe wa mchanga hasa. Hapo ndipo kigari kinageuka mzigo na khanga inafanya kazi. Zuhura achimbe atakavyo. Wewe mtu wa Tanga kuna jambo utalifurahia: mto huu wa Elbe una kujaa na kupwa, tofauti yake zaidi ya mita tatu, na bahari iko zaidi ya kilomita mia moja kutoka hapo. Ukifika maji yamepwa ufukwe ni mpana, ukirudi jioni umebaki ukanda.

Lakini nisikilize vizuri. Meli kubwa za makontena zinapita karibu na ufukwe. Ikipita moja, maji kwanza yanavutwa, mchanga unabaki mtupu, watoto wanakimbilia kuokota kokoto. Halafu yanarudi kwa kishindo, na meli yenyewe imeshakwenda zake. Ukiona meli kubwa inakuja, mbebe. Na kuogelea hapo hapana, hata mtu mzima, mkondo wake hauchezewi.

Mkitembea zaidi mtakuta jiwe kubwa kama nyumba, wanaliita Alter Schwede. Lina tani 217, lilitolewa chini ya mto mwaka 1999 wakati wa kuchimba njia ya meli. Barafu ndiyo iliyolisukuma kutoka Sweden zama hizo za kale. Watoto wanataka kulipanda, wanateleza, wanalia, wanataka tena.

Siku ya mvua (na mvua itakuwepo, mwezi wa sita au si wa sita) rudi Landungsbrücken uingie ile njia ya zamani ya chini ya mto. Ilifunguliwa 1911, ina urefu wa mita 426, waendao kwa miguu hawalipi. Unashuka kwa lifti kubwa zilizotengenezwa kubeba magari. Ndani ni vigae tupu, ukutani pamefinyangwa samaki, kaa, panya, hata kiatu kilichotupwa mtoni. Mwache Zuhura atafute panya. Ukitokea ng'ambo ya Steinwerder unauona mji wote kwa mbele, unarudi. Asubuhi imekwisha, hukutoa hata senti.

baba_jaffar (Mombasa, sasa Harburg)

Dada, Bi Salme amekupa ya maana, mimi naongeza ya kwangu. Kijana wangu ana umri sawa na huyo wako.

Watu watakwambia usikose Miniatur Wunderland kule Speicherstadt, zile treni ndogo. Ni pahali pa ajabu kweli, kila baada ya muda mfupi taa zinazimika inakuwa usiku, na kuna uwanja wa ndege ambapo ndege zinaruka hasa. Walio chini ya mita moja hawalipi. Lakini mimi nasema mtoto wa miaka miwili bado. Yeye anataka kushika, na pale kushika ndiyo hapana. Nilikaa muda wote nimemshika mikono kama askari na mahabusu, nikatoka sijaona treni hata moja. Mngojee afike miaka minne.

Mpeleke Stadtpark. Kuna bwawa la watoto, maji ya magotini, na kiwanja cha michezo pembeni. Beba nguo za kubadili na taulo. Au Planten un Blomen katikati ya mji, kuingia ni bure, michanga na bembea za kumaliza siku. Ukirudi nyumbani mkague miguu, nyuma ya magoti na kwapani. Kupe wako kwenye majani, tena wa hapa wana ugonjwa wao.

Nepi zikikuishia mjini usihangaike. Maduka ya dm na Rossmann, matawi mengi yana meza ya kubadilishia mtoto na nepi ziko pale, hulipi.

Na taa za barabarani! Mtu mwekundu akiwaka simama, hata kama barabara ni tupu mpaka upeo wa macho. Peke yako ukivuka watakutazama tu. Ukivuka mbele ya watoto, bibi asiyekujua atakufokea, na wengine watamuunga mkono. Ile njia nyekundu kando ya barabara ni ya baiskeli, usimwachie mkono hapo.

Ukipata siku nzima, nenda Hagenbeck, bustani ya wanyama. Kituo cha treni kina jina hilohilo. Bei yake inauma, ila ndovu wako karibu.

bi_salme_barmbek

Baba Jaffar yote sawa, ila Hagenbeck mimi mguu wangu haukanyagi. Ni kweli bustani ile ya 1907 ilikuwa ya kwanza kuweka wanyama bila vyuma, wakazungushiwa mitaro. Lakini mwenyewe Carl Hagenbeck kabla ya hapo, kuanzia 1874, alikuwa akileta watu. Alianza na Wasami wa kaskazini mwa Ulaya, kisha akaleta Wanubi kutoka Sudan, Wazungu wanalipa kiingilio kuwatazama wanavyopika na kulea watoto wao. Mie na mjukuu wangu mweusi nikapange foleni pale? Hapana. Kila mtu na moyo wake, simlaumu aendaye.

Mwanangu, kama Zuhura anataka wanyama, panda treni ya U2 mpaka Niendorf Markt, tembea mpaka Niendorfer Gehege. Ni msitu, kuna paa wamezungushiwa uzio, kuna farasi wadogo na kiwanja cha michezo. Kuwatazama paa hulipi.

baba_jaffar

Haya Bi mkubwa, nimesikia. Hilo la Wanubi nilikuwa nalijua nusunusu. Niendorf tutakwenda.

kaka_mzigo (Dar)

Mimi ni mtu wa kusafirisha vifurushi, nakujibu la chakula. Nyama na maziwa haviingii Ulaya kutoka kwetu, hata kama ni kidogo cha mtoto. Maziwa ya unga ya watoto wachanga yanaruhusiwa mpaka kilo 2, yawe kwenye kopo lake la kiwandani na yasiwe ya kuhitaji friji. Unga wa uji soma kilichomo: kama umechanganywa na maziwa, uache. Matunda karibu yote yanataka cheti cha afya ya mimea, kwa hiyo embe za Muheza ziache Muheza. Ila ndizi, nanasi, nazi na tende hazihitaji cheti.

Kingine, unasafiri bila baba. Beba barua ya ridhaa yake yenye saini, nakala ya pasipoti yake na cheti cha kuzaliwa cha mtoto. Uviweke kwenye mkoba wa mkononi, sio kwenye begi linaloingia chini ya ndege.

mama_zuhura (Tanga)

Jamani asanteni, nimesoma mpaka simu imekufa chaji. Bi Salme, panya wa vigae ameshaanza kutafutwa hapa nyumbani.

Maswali mawili ya mwisho. Mdogo wangu anasema jua halizami mpaka usiku. Zuhura giza likiingia analala bila kubembelezwa, sasa giza lisipoingia? Na la pili ni dagaa. Kaka Mzigo hukulitaja.

bi_salme_barmbek

La jua ni kweli. Mwezi wa sita linazama karibu saa nne usiku na saa kumi na moja alfajiri limeshakuwa juu. Mwambie mdogo wako atundike pazia zito chumbani kabla hujafika, au khanga mbili juu ya dirisha, na mtoto alale kwa saa wala msimwoneshe nje. Majirani wakilalamika kidogo kwa kukurukakara za jioni usiogope, ila kuanzia saa nne usiku na Jumapili kutwa, hapo kweli kimya kinatakiwa. Kelele za watoto kwenye viwanja vya michezo ni jambo jingine, sheria ya 2011 inazilinda, asikutishe mtu.

Na Jumapili maduka yamefungwa. Yote! Nunua Jumamosi. Ukikwama, duka la vyakula ndani ya stesheni kuu huwa wazi, ila foleni yake ni balaa. Ndizi mbivu na mbichi, unga wa sembe, mihogo, vyote viko Steindamm, dakika chache kwa miguu kutoka stesheni hiyo. Chupa tupu za plastiki msitupe, zile za kutumika mara moja kila moja ina amana ya senti 25, unairudisha kwenye mashine dukani. Mpe Zuhura aingize mwenyewe. Mjukuu wangu akisikia ile mashine inavyosaga, huondoki pale mpaka chupa ziishe, na zikiisha anatafuta za watu wengine.

kaka_mzigo (Dar)

Dagaa ni samaki, na samaki wakavu wanaruhusiwa, kiwango ni mpaka kilo 20 kwa mtu. Wafunge mifuko miwili yenye kubana hewa, uandike jina juu. Abiria mwenzako kwenye ndege hakukosea kitu.

bi_salme_barmbek

Kilo 20! Basi mwanangu robo kilo yangu, wa Kigoma kama watapatikana. Barmbek ni U3, nitakuja kukupokea kituoni na kigari ninacho.