Tupeane uzoefu: siasa za Marekani zimekugusaje wewe mwenyewe, nyumbani kwako?

Mama Taji, Georgia

Wapendwa habari za siku nyingi. Kuna kitu kimenikaa rohoni muda mrefu leo nimeona nikitoe. Uchaguzi wa Marekani tunaujadili kila siku kwenye magrupu ya familia ila tunaujadili kwa klipu, mtu anakurushia video ya dakika moja jamaa anapayuka afu anakwambia "umeona mambo hayo?" Mi naomba tusimuliane yaliyotukuta wenyewe. Ulipiga kura au hukupiga, ulimpa nani na kwa nini, au hata kama hujawahi kukanyaga huku lakini uamuzi wa huku ulikufikia mpaka mlangoni. Naanza mimi, na nasema mapema kabisa kwamba mi ni wa chama cha Democrat, sijifichi.

Niliapa uraia 2019, kura yangu ya kwanza ya urais ikawa 2020, nikampa Biden. Georgia alishinda kwa tofauti ya kura 11,779 kati ya karibu milioni 5. Ile namba nikiifikiria nawaona watu kabisa, maana ukijumlisha misiba yetu, harusi, kanisa na msikiti, Waafrika wa Atlanta na vitongoji vyake tunaipita hiyo namba bila shida. Afu Januari 2, 2021 Trump bado yuko madarakani akampigia simu Raffensperger, msimamizi wa uchaguzi wa jimbo, Republican mwenzake, anamwambia anachotaka ni kupatiwa kura 11,780. Simu ilirekodiwa, dunia nzima imeisikia. Moja zaidi ya zile zilizomshinda. Hiyo moja ndo iliyoniuma jamani, nililala nikiona ni ya kwangu inayotafutwa ifutwe.

Hasira hizo ndo zilinipeleka kuomba kazi ya siku moja ya kusimamia kituo cha kupigia kura, nimefanya 2022 na 2024. Unaripoti saa 11 na nusu alfajiri giza bado. Kabla mlango haujafunguliwa ile skana ya kura inachapa karatasi ndefu kama risiti ya supamaketi, mbele ya kila jina la mgombea pameandikwa sifuri, sifuri, sifuri, mpaka mwisho, tunaisoma na kuisaini. Mpiga kura anachagua kwenye skrini, inatoka karatasi, anaisoma kwa macho yake kama majina ndo yenyewe, ndo anaiingiza kwenye skana na namba juu inapanda moja. Niliyekaa naye meza moja 2024 alikuwa bibi wa Kizungu, Republican wa damu, ana miaka sabini na kitu, alinibebea mkate wa ndizi kautia kwenye foili. Siku nzima hatukuongea siasa, tulihesabu. Mtu akifika kwenye foleni kabla ya saa 1 jioni lazima apige hata ikifika saa 3 usiku, kwa hiyo saa 1 kamili mmoja wetu alienda kusimama nyuma ya mtu wa mwisho ili ijulikane foleni inaishia wapi. Tukafunga, skana ikachapa matokeo, tukasaini, nakala moja ikabandikwa mlangoni na mkono wangu huu. Usiku ule upande wangu ulipoteza Georgia na mwishowe majimbo yote saba yaliyokuwa yanagombewa, Trump akapata 312 na Harris wetu 226 za wajumbe wa majimbo, ambao ndo wanaoamua urais. Nilisaini na nikaenda kulala nikilia, lakini nilisaini.

Ndo maana mtu akiniambia 2020 waliiba huwa namuuliza, ile karatasi ya sifuri ulikuwepo ikichapwa? Urais wa 2020 Georgia ulihesabiwa mara tatu, mara moja kati ya hizo kwa mikono, karatasi moja moja. Na badala ya kutushukuru, mwaka uliofuata Republicans wa jimbo wakapitisha sheria ya kukataza hata kumgawia mtu maji kwenye foleni karibu na kituo. Maji! Foleni za mitaa yetu ndo ndefu, kila mtu hapa anajua.

Haya, nani anafuata?

Nyar Kisumu

2008 nilikuwa fomu two. Obama aliposhinda Kibaki akatangaza Novemba 6 ni sikukuu, hatukuenda shule, baba akachinja mbuzi ambaye alikuwa wa Krismasi. Sisi tulidhani sasa visa zitatolewa kama njugu. Hazikutolewa, lakini ile siku singeibadilisha na kitu, niliona marehemu babangu akicheza, na yeye hakuwa mtu wa kucheza.

Baba Wanjiku, Texas

Mama Taji asante kwa kuongea wazi, mimi pia wacha niongee wazi. Mimi ni Mkenya, naendesha trela, niko Texas miaka 14 na 2024 nilimpigia Trump. Bibi yangu wa ndoa pia. Na si ati tulidanganywa na WhatsApp.

2022 dizeli ilipita dola 5 kwa galoni. Trela yangu ikiwa tupu inakunywa galoni 200, hesabu mwenyewe, ni zaidi ya dola elfu moja nikijaza, na mwenye mzigo hakuwa ananiongeza kitu ya maana. Nilikuwa nasimama pale kwa pampu usiku naangalia namba zikikimbia na najua nyumbani kodi ya nyumba bado. Juni mwaka huo bei za vitu zilikuwa zimepanda asilimia 9.1 ukilinganisha na mwaka wa nyuma, haijawahi kuwa hivyo miaka 40. Alafu najiwasha tivii nasikia uchumi uko sawa. Uko sawa kwa nani? Hiyo ndio ilinitoa kwa Democrats, nilikuwa nimewapigia 2016 na 2020.

La pili ni imani yangu. Mimi naamini mtoto tumboni ni mtoto, na majaji watatu ambao Trump aliweka Mahakama ya Juu ndio walichangia ile hukumu ya Juni 2022 iliyorudisha hii maneno ya utoaji mimba kwa majimbo. Kwangu hiyo si jambo dogo, kanisani tuliombea hiyo kitu miaka. Na mtu asiniambie Republicans wanachukia Afrika, ule mpango wa dawa za ukimwi, PEPFAR, ni George W. Bush alianzisha 2003, na uliokoa watu wa kijiji yetu, nawajua kwa majina.

Lakini nitasema na hili kwa sababu umesema tuseme yaliyotukuta. 2025 wakifunga USAID, lile shirika la misaada la Marekani, dada ya bibi yangu ako upande wa Homa Bay na anameza hizo dawa tangu 2009. Alienda kliniki yake akapata mlango umefungwa na kufuli, hakuna barua, hakuna mtu. Akatembea hadi hospitali ingine wakampatia ya mwezi mmoja pekee, na alikuwa amezoea ya miezi sita. Akatupigia simu. Bibi yangu aliweka simu kwa spika jikoni, hakuniangalia, aliendelea tu kukata sukuma. Sikupigia kura hiyo. Bado ni Republican na 2026 nitapiga Republican, lakini mbunge wetu nimemwandikia barua mara mbili na nitaandika ya tatu.

Mama Taji, Georgia

Baba Wanjiku umesema kiume na nakuheshimu. Dizeli nakubishia, bei ilipanda dunia nzima baada ya Urusi kuingia Ukraine Februari 2022, hata Dar ilipanda na Biden hatawali Dar. Ila siwezi kukubishia ulichokilipa pale kwenye pampu, na wenzangu Democrats walikosea sana kuwaambia watu mnachokihisi hakipo. Hilo nililisema kwenye vikao vyetu vya kugonga milango kuomba kura na sikusikilizwa.

La kliniki sina maneno. Mpe pole shemeji, na dada yake pia.

Mwalimu wa Tabata

Mi sijawahi kufika Marekani, sina kura, lakini nimo.

Mei 2019 mi na mke wangu tulishinda bahati nasibu ya grini kadi, kile kibali cha kuhamia Marekani. Tulifungua ile tovuti kwenye kibanda cha intaneti tukadhani ni matapeli, tukaingiza namba tena, ikaja vilevile. Tukaanza safari ya makaratasi, vyeti vya kuzaliwa, vya ndoa, polisi wa alama za vidole, chanjo. Usaili ukapangwa Machi 2020. Nikauza bodaboda yangu kwa ajili ya ada na vipimo vya afya vya watu watatu, maana mtoto alikuwa ameshazaliwa.

Januari 31, 2020 likatoka tangazo kwamba Tanzania na Sudan zimezuiliwa visa za bahati nasibu kuanzia Februari 21. Nchi nyingine zilizokuwa kwenye orodha ile zilizuiliwa visa za kuhamia kwa ujumla, sisi tukakatwa kwenye bahati nasibu peke yake, yaani mlango anaoutegemea mtu asiye na ndugu huko. Afu nafasi ya ushindi huo inakufa Septemba 30 ya mwaka wake wa fedha, haihamishwi. Biden aliufuta ule uzuiaji siku ile ile alipoapa, Januari 20, 2021, nilifurahi kwa ajili ya wengine. Sisi tulikuwa tumeshachacha miezi karibu minne.

Kwa hiyo 2024 nilikesha kuangalia Pennsylvania inahesabiwa, jirani ananiuliza we unapata nini hapo, nikamwambia wale wanapiga kura, na sisi kura zao zinatupiga. Walio huko nawaomba, mkiwa mnasema "siasa hainihusu, nina shifti," mkumbuke kuna mtu Tabata inamhusu na hana hata karatasi ya kuweka kwenye hiyo mashine.

Shifti ya Usiku

Mwalimu hiyo ya shifti umeniua. 2016 nilikuwa Michigan, raia, nimejiandikisha. Nilitoka kazini asubuhi, miguu imevimba, nikasema Hillary Clinton anashinda tu huyu, nikalala. Trump alichukua Michigan kwa tofauti ya kura 10,704. Hillary nchi nzima alimzidi karibu milioni 3 na hazikumsaidia kitu, kwa sababu wanahesabu wajumbe wa majimbo. Tangu siku hiyo naomba kura ya posta mapema, naijazia jikoni, natembea kuidondosha mwenyewe kwenye sanduku.

Msomaji wa Siku Nyingi

Naomba niseme jambo ambalo halina chama ila linawaumiza watu wetu. Nikiwa na grini kadi tu, nilienda kufanya laisensi ya udereva, binti wa dirishani anauliza haraka haraka mambo kumi, mojawapo unataka kujiandikisha kupiga kura? Mi Kiingereza kilikuwa cha kuokoteza, nikasema yes kama nilivyosema yes kwa mengine. Sikuwahi kupiga. Lakini nilipojaza fomu ya uraia miaka minne baadaye kuna swali limekaa pale, umewahi kujiandikisha au kupiga kura Marekani? Wakili akanyamaza, akavua miwani. Ilinigharimu mwaka mzima na nusu na pesa ambazo zingejenga nyumba Morogoro, nilibidi nithibitishe kwamba sikuelewa na kwamba sijawahi kupiga. Nimepita, Mungu mkubwa. Wengine wamefukuzwa nchi. Grini kadi HAIPIGI KURA, na ukiulizwa dirishani sema no kwa sauti, afu soma karatasi kabla hujasaini.

Binti Nyarugusu, Maine

Nimezaliwa Fizi, Kongo, nimekulia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu huko Kigoma, nikafika Lewiston 2016 wakati wa Obama. 2024 ndo nilipiga urais kwa mara ya kwanza. Maine kuna mambo mawili hamtayaona majimbo mengi, moja unapanga wagombea wa kwanza, wa pili, wa tatu, na pili wajumbe wetu wanne wanagawanywa, wawili wa jimbo zima na mmoja kila wilaya ya bunge. Sisi Lewiston tuko wilaya ya pili, Harris alichukua jimbo na Trump akachukua mjumbe wetu. Kazini kwangu, kiwanda cha samaki, tuko mstari mmoja wanawake wa Kikongo na wazee wa Kimaine waliompigia yeye, na wananipenda kweli, theluji ikinifunga gari wanakuja na koleo bila kuitwa. Sasa hapo ndo siwaelewi.

Shangazi yangu aliyenilea alikuwa na tarehe ya kusafiri, mwisho wa Januari 2025. Kesi yake ilichukua miaka tisa. Mwaka wa serikali ulioishia Septemba 2024 wakimbizi walioingia walizidi laki moja na Wakongo ndo tuliongoza, tukasema sasa zamu yetu imefika. Akagawa sufuria, akauza kuku na baiskeli, nyumba akamwachia jirani, mi huku nimenunua godoro na jaketi la baridi saizi yake. Wiki ile ile rais mpya alipoapa, mpango wote wa wakimbizi ukasimamishwa na safari zikafutwa. Anaishi kwenye kona ya nyumba aliyoitoa mwenyewe kwa jirani. Mwaka wa serikali ulioanza Oktoba 2025 walipanga watu 7,500 dunia nzima, na wengi wao Waafrikana, wale Wazungu wa Afrika Kusini. Jaketi liko kabatini bado lina lebo yake.

Mzee mmoja wa kiwandani nilimsimulia wakati wa chakula. Alikaa kimya afu akasema hakujua kama ni watu wenye tarehe. Alidhani wanakuja tu.

Baba Wanjiku, Texas

Dada, hiyo ya watu wenye tarehe hata mimi sikuijua. Nitaiweka kwa barua ya tatu.

Kijana wa Temeke

Shikamooni wote. Mi natimiza miaka mitano ya grini kadi Machi 2026, niko Ohio. Nitawahi kupiga kura ya wabunge Novemba 3, 2026?

Mama Taji, Georgia

Marahaba mwanangu. Unaruhusiwa kutuma fomu ya uraia siku 90 kabla ya kutimiza miaka mitano, kwa hiyo Desemba 2025, usingoje Machi. Mtandaoni ada 2025 ni dola 710. Mtihani umebadilika kwa wanaotuma kuanzia Oktoba 20, 2025, maswali ya kusoma ni 128, unaulizwa mpaka 20 na unatakiwa upate 12. Ukisikia unaapa kabla ya Oktoba, jiandikishe siku hiyo hiyo. Na kabla hujatuma rudia kusoma aliyoandika Msomaji hapo juu kuhusu dirishani, kama lilishawahi kukukuta usitume kitu, tafuta wakili kwanza. Jumapili mchana huwa nipo, niandikie tukae kwenye simu tuijaze pamoja mstari kwa mstari.