Wajuao Kiingereza, ua wa fito na makuti mwauitaje?

Fundi wa Shanzu
Salaam ndugu zangu. Mimi ni fundi wa nyua, kazi nilirithi kwa marehemu baba. Nina mteja Mzungu, mama wa makamo aliye Uingereza, twazungumza kwa simu tu. Nataka kumwandikia ua wa fito zilizosimamishwa, zikafungwa kwa kamba za makumbi, kisha zikavikwa makuti ya kumba. "Fence" nalijua, lakini lachukua kila kitu. Nataka neno lenyewe. Leo tafadhali, usiku sikulala.

Mwalimu Mstaafu
"Hedge" ni ua wa miti mibichi, kama michongoma au kayaba. "Picket" ni vibao vyembamba vyenye nafasi kati yake. "Palisade" ni nguzo zilizochongwa ncha. Fito zikisukwa kama jamvi, Waingereza husema "wattle", na kipande chake cha kubebeka ni "hurdle". Lakini zako zafungwa, hazisukwi. Tena hapa Kenya ukitaja "wattle", mtu wa bara afikiri ule mti ambao maganda yake hutengenezea ngozi. Andika "palm-frond fence".

Bi Mkubwa wa Majengo
Mwanangu, siku hizi nani atia ua wa makuti? Wetu ulikuwa ukioza, mchwa nao hawakutupa nafasi, tukajenga ukuta. Tangu hapo hali ya jirani siijui. Zamani nikimpitishia bakuli la mbaazi juu ya ua, naye akinirudishia na mahamri. Mwambie ajenge ukuta, lakini aache dirisha.

Mvuvi wa Mtwapa
Hata sisi baharini twasimamisha uzio wa fito, maji yakipwa samaki wabaki ndani. Mgeni mmoja aliniambia kwao huo ni "weir". Babu yangu alikuwa nao mmoja, changu wakijaa hadi twagawa bure.

Kijana wa Tudor
Fundi, kama wataka kumwandikia kotesheni, ile karatasi ya bei, hiyo huandikwa kabla ya kazi. Mbona hulali? Kazi ishaanza?

Fundi wa Shanzu
Ishaanza. Mita 18 zimesimama.

Kijana wa Tudor
Na kwenye kotesheni uliandika nini?

Fundi wa Shanzu
"Hedge". Kamusi yangu kwenye ua yaanza na "fence", yafuata "hedge". Nikaona la pili ndilo la kiungwana. Mama yule akafurahi, akauliza ni ndege gani watajenga viota. Nilidhani ni mazungumzo tu. Jana kauliza namwagilia mara ngapi kwa wiki. Nusu ya pesa kashatuma, nami nishanunulia fito. Sikumdanganya, wallahi. Naona nipande michongoma nyuma ya fito, akija Disemba avikute vyote viwili.

Mwalimu Mstaafu
Michongoma haitakuwa ua kufikia Disemba. Mwandikie ukweli.

Fundi wa Shanzu
Si fito zitaisitiri mpaka ikue? Na ua wenyewe ni mzuri, mwalimu. Upepo wa kusi wapita ndani yake bila kuuangusha.

Mpita Njia
Hadithi ya kutungwa hii. Mtu ajenga mita 18 na mwenye nyumba hajaona hata picha? Picha i wapi?

Fundi wa Shanzu
Hii hapa. Tazama fundo la tatu kutoka nguzo ya lango: kamba imepindwa mara mbili, ncha ikarudishwa ndani isikwaruze mtu apitaye. Baba ndivyo alivyonifunza.

Bi Mkubwa wa Majengo
Fundo hilo nalijua. Mume wangu akilifunga vivyo hivyo.

Mpita Njia
Na nguzo hizo ni mikoko? Una kibali?

Fundi wa Shanzu
Ni mivinje, ya shamba letu.

Kijana wa Tudor
Mwacheni. Fundi, mtumie picha hiyo hiyo, umwambie hakuna cha kumwagilia. Asipoutaka ua huo, afadhali hasara ya mita 18 kuliko ya ua mzima.

Fundi wa Shanzu
Naandika sasa. Mwalimu, "frond" ina d mwishoni au haina?

Mwalimu Mstaafu
Inayo. Na "hedge" ifute kabisa, usiiache hata mara moja.