Draiva inadai volti 1.2, mita inasoma 1.08

Swali
Wakuu, nina bodi ya Linux ambayo regyuleta ya prosesa (chipu inayoipa volteji) inaongozwa kwa I2C, njia ya nyaya mbili ya kuzungumza na chipu. Masafa ya CPU nimeyafunga yasibadilike wakati wa kupima. Kushoto ni faili la microvolts ndani ya /sys/class/regulator, kulia ni mita:

800000 – 0.761 V
1000000 – 0.921 V
1200000 – 1.082 V

Kazi ikiwa nzito bodi inajizima. Niongeze volteji kwenye DTS (faili linaloieleza Linux vifaa vya bodi), au tatizo ni draiva?

Jibu 1
Mkuu, faili hilo halipimi chochote. Draiva inachukua namba iliyo kwenye rejista (sehemu ya kumbukumbu ndani ya regyuleta), inaizidisha kwa hatua (volteji inayoongezeka kwa kila namba moja), inajumlisha kianzio (volteji ya namba sifuri), basi. Vipimo halisi, kama bodi ina ADC (kipimaji volteji), viko /sys/class/hwmon, mafaili ya in*_input, kwa milivolti.

Tazama mapengo yako kati ya faili na mita: milivolti 39, 79, 118. Kianzio kingekuwa na kosa, pengo lingebaki lilelile. Rezista za mrejesho (zinazoirudishia regyuleta kipimo cha volteji inayotoka) zingekuwa tofauti, lingekuwa asilimia ileile. Lako linakua kila namba ya rejista inapopanda, kwa hiyo nashuku hatua. Soma rejista kwa i2cget -f -y. Bila -f itakataa kwa kuwa draiva imeshikilia anwani. Kusoma tu, i2cset usiiguse.

Jibu 2
Kabla ya kuihukumu draiva, ondoa upotevu wa njiani. Pima juu ya kapasita iliyo karibu kabisa na prosesa, na ncha nyeusi iwe kwenye ardhi ya kapasita hiyohiyo, si kwenye skrubu ya bodi. Njia ya miliohmu 20 ikipitisha ampea 2 inakula milivolti 40! Chukua kipimo bodi ikiwa imetulia, kisha ikiwa na mzigo. Tafadhali chomelea nyaya nyembamba badala ya kushika ncha kwa mkono. Ikiteleza ikaunganisha pande mbili za kapasita, unaweza kuua chipu.

Mita ya ±(0.5% + tarakimu 2) kwenye renji ya volti 2 inaweza kukosea milivolti 7 hivi ukiwa volti 1. Milivolti 118 si za mita.

Muulizaji
Rejista: 0x10, 0x20, 0x30. Kwa mzigo kipimo kinashuka milivolti 6 tu.

Jibu 1
Basi ni hatua. Kati ya kila vipimo viwili kuna hatua 16 (0x10 ni 16), na umepata milivolti 160 na 161: hatua halisi ni milivolti 10, draiva inahesabu 12.5. Hutokea draiva ya chipu ndugu ikitumika kwa toleo lenye jedwali jingine. DTS iache. Ndani ya draiva badilisha uV_step kutoka 12500 iwe 10000, na n_voltages (idadi ya ngazi za volteji) uifuate datashiti.

Ila angalia sana hapa: ukisharekebisha, ombi la volti 1.2 litaandika 0x3C badala ya 0x30, na volteji halisi itapanda milivolti 120. Hakikisha kwanza kikomo cha prosesa na regulator-max-microvolt vinaruhusu. Kama kuna aliyepandisha namba za jedwali la OPP (volteji ya kila masafa ya CPU) ili bodi itulie, zirudishe za asili kabla ya kuwasha, la sivyo prosesa itapewa volteji kupita kiasi.