Mama mdogo ataka kuacha kemo kwa unga wa tope la bahari, naomba ushauri

Assalaam aleikum ndugu zangu. Niko Malindi. Mama mdogo ana saratani ya ubongo, na sasa hataki tena kemo. Kuna mtu kamuuzia unga wa tope la bahari, kamwambia wazungu wenyewe wameona bakteria wake wanaua saratani.

Nimesoma. Bakteria wapo kweli, waitwa Salinispora tropica, walipatikana kwenye mchanga wa chini ya bahari huko Bahamas, na kwao ikatoka dawa ya marizomibu. Maabarani iliua seli za saratani vizuri sana. Lakini ilipojaribiwa awamu ya tatu kwa wagonjwa wa saratani ya ubongo, pamoja na mionzi na kemo, haikuwarefushia maisha, na wengine iliwaletea mauzauza na kuyumba. Na hiyo ni dawa iliyosafishwa, ikapimwa, ikadungwa mshipani, si tope la kukoroga kwa maji ya moto!

Nikimweleza asema sitaki apone. Neno hilo limenichoma. Aliyepitia haya na mzazi wake anisaidie: niende na unga huo kwa daktari wake, au nimtangulize mjomba, maana yeye humsikiliza? Kemo ni Jumatatu.